Kozi ya Baba Imewafaa Wenye Mvi Tu: Nitangaze au Ninyamaze?

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba msaada wako, na unisamehe mapema kama barua hii inakwenda mbio, kwa sababu tangu Jumanne ya wiki iliyopita siwezi kutulia kwenye kiti, nazunguka ofisini kama kuku anayetafuta pa kutaga, mpaka mume wangu ameniuliza kama nina mimba, nami nikamjibu hapana, nina matokeo.

Mimi ni mchumi. Kazi yangu kwa miaka mingi sasa ni kuchunguza soko la ajira: nani anapata kazi na nani anakosa, ujuzi gani unalipa, na hii miradi ya kuwasaidia watu ambayo serikali na makanisa huianzisha kwa moyo mweupe, je, inasaidia kweli au inatufariji sisi wenyewe tu. Nimetathmini miradi Ohio, nimetathmini Manitoba, na mara nyingi, Shangazi, jibu huwa "kidogo" au "hatujui", kwa hiyo nimezoea kuwa yule mgeni anayeharibu sherehe. Lakini huu wa sasa uko hapa hapa kwetu Wisconsin, na ni wa baba yangu mzazi.

Kiwanda cha karatasi kilipofungwa, baba, jina lake Norbert, ambaye alikuwa fundi wa mitambo pale tangu amalize shule, alianzisha kozi katika ukumbi wa kanisa, akawa anawafundisha watu waliopoteza kazi namna ya kutunza mitambo ya kisasa, pampu na mikanda na vidhibiti vya umeme, na mwisho wa kozi kila mmoja anapewa cheti, halafu baba mwenyewe anashika simu na kuwapigia waajiri mmoja mmoja mpaka wamchoke. Kaunti ikaanza kuchangia, kisha kamati ya kaunti ikataka ushahidi kabla ya kuongeza muda, ndipo baba akaja jikoni kwangu akavua kofia akasema, "Reni, si wewe ndiye unayewapima watu wote huko? Basi njoo unipime na mimi."

Nikamwambia nitakubali kwa sharti. Waombaji ni wengi kuliko viti, kwa hiyo viti vigawanywe kwa kura ya bahati, si kwa kujuana, ili baadaye tuwalinganishe waliopata na waliokosa, maana hapo kitakachowatofautisha ni kozi na si kitu kingine. Na wale watakaokosa, asiwasaidie kwa mlango wa nyuma mpaka nimwambie utafiti umekwisha, la sivyo tutakuwa tumechanganya mchele na mchanga. Baba alinuna siku nzima. Kisha akasema sawa, lakini ifanyike mbele ya watu, akaleta kile kikapu cha waya cha bingo ya kanisa, kinachozungushwa mpaka mpira mmoja udondoke, kila mwombaji akapewa mpira wake wenye namba, na mimi ndiye nikazungusha.

Kabla sijazungusha alinishika bega. "Ikiwa mbaya, niambie mbaya," akasema. "Usije ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nimeshafukuzwa kazi na watu wenye tai wakitabasamu, inatosha."

Shangazi, mpira wa Duane haukutoka. Duane ni rafiki wa baba wa kufa na kuzikana, walikuwa zamu moja, wanacheza karata pamoja, na kila Ijumaa wanakaa meza moja kwenye baa ya mjini kula samaki wa kukaanga na chapati za viazi. Baba alininong'oneza, "Zungusha mmoja tu tena," nikakataa, na kweli nilikuwa sahihi kukataa, lakini tangu siku hiyo baba, kwa kuwa ni mtu wa neno lake, hajampigia mwajiri simu hata moja kwa ajili ya Duane, anawatafutia kazi watu asiowajua huku rafiki yake yuko mbele yake na sahani. Duane hana kinyongo. Akiniona mlangoni anapaza sauti, "Huyo hapo mama bingo! Leo umekuja kunitoa au kunizungusha tu?" Watu wanacheka, na mimi nacheka, halafu samaki hanishuki.

Sasa matokeo. Ili mtu asiseme nimempendelea baba, kabla ya yote niliandika nitapima nini na vipi, nikausajili mpango huo hadharani, mahali ambapo siwezi kubadili hata nukta, na mwenzangu wa chuo kikuu, Profesa Anselm, ndiye aliyekusanya takwimu na kuficha majina. Jumanne asubuhi nikafungua. Kwa wote pamoja, hakuna kitu. Waliopata kozi na waliokosa, mwaka mmoja baadaye, wanalingana karibu kabisa, kwa sababu vijana waliokosa walijipatia kazi wenyewe kwenye maghala na viwanda vya jibini bila kumngoja Norbert wala mtu mwingine. Nilimwona baba mbele yangu na kofia yake mkononi.

Kisha, basi tu kwa kukata tamaa, nikawatazama kwa umri. Shangazi! Kwa waliovuka miaka hamsini tofauti ni kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuiona kazini kwangu, nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kugonga mlango akidhani nimeanguka! Nikarudi kusoma mahojiano yao, na wote wanasema jambo moja: kozi haikuwafundisha mengi mapya, walikuwa wanayajua, wameyafanya maisha yao yote, ila wameyafanyia kiwanda kimoja na hakuna karatasi hata moja mjini inayosema wanayajua. Kilichowainua ni cheti na simu za baba. Miaka yote hii tunafundisha watu ujuzi ambao tayari wanao, wakati walichokosa ni mtu wa kuwasemea! Nimezunguka na jambo hili kifuani mpaka naogopa nitalisema dukani kwa mtu anayepima nyama.

Lakini umri haumo kwenye mpango wangu. Na katika kazi yetu, mtu anayezikata takwimu kwa umri, kwa jinsia, kwa elimu, kwa mtaa, mwisho atakutana na kipande kimoja kinachong'aa kwa bahati tu, na mimi nimewahi kusimama kwenye mikutano nikiwacheka watu wa namna hiyo waziwazi. Profesa Anselm nilipomwambia alisema, "Anza na wazee, ule wastani uweke ukurasa wa nyuma. Nani anasoma ukurasa wa nyuma?" Mwezi ujao kamati inapiga kura. Nikisema jibu la mpango, kozi inakufa, na huenda nimeua kitu pekee kinachowafaa watu wale. Nikitangaza wazee na kumbe ilikuwa bahati, nitakuwa nimeidanganya kaunti nzima kwa ajili ya baba. Nikisema tupime tena, maana yake ni kikapu cha bingo tena, na kuwakatalia tena watu wenye mvi kitu ambacho sasa naamini kinawapa kazi. Duane, mwenye mvi kama baba, mpaka leo hana kazi, na kule kukosa kwake ni sehemu ya ile tofauti iliyonifanya nipige kelele.

Ijumaa baba aliniuliza kama kawaida yake, "Vipi daktari, mgonjwa atapona?" Nikamwambia takwimu hazijaiva. Zimeiva, Shangazi. Nifanyeje?

Mimi, Mwenye Furaha Asiyejua Aiweke Wapi

*

Mwenye Furaha wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea jirani yangu kwa sauti, bila kutaja jina la mtu, usihofu. Nilipofika kwenye mlinzi kugonga mlango, alipiga makofi. Hongera mwanangu! Wangapi wanafanya kazi maisha yao yote wasipige kelele hata mara moja? Marehemu mume wangu alikuwa wa zamu ya usiku kwenye kiwanda kama hicho, na kilipofungwa alikwenda kuomba kazi, kijana mmoja akamuuliza, "Una uzoefu gani?" Alirudi nyumbani akakaa ndani ya gari, hakushuka mpaka nilipomfuata. Kwa hiyo ulichokiona, mimi nakiamini kabla hujamaliza sentensi. Ndiyo maana mtu kama mimi hafai kuwa mchumi, na wewe unafaa.

Sasa geuka nikukoromee kidogo.

Huyo Profesa Anselm mwambie kwamba mimi nasoma ukurasa wa nyuma. Na kwenye kila kamati ya kaunti niliyowahi kuhudhuria kuna mjumbe mmoja, kwa kawaida yule anayetaka kufuta kila kitu, ambaye huanzia huko huko. Akiukuta wastani umejificha nyuma ya mlango, hatauliza tena kuhusu wazee, atauliza kuhusu wewe, na mtoto wa nani, na hapo hata hao wazee hawatakuwa na wa kuwatetea. Usimsikilize Anselm. Mwache aendelee kuficha majina, hiyo anaiweza.

Simama mbele ya kamati useme yote kwa pumzi moja na kwa utaratibu wake. Kwanza lile jibu la mpango, kwa wote pamoja hakuna kitu. Kisha wenye mvi, na usibane sauti, furahi mbele yao, hawajazoea kumwona mchumi akifurahi. Kisha ukiri kwamba hukupanga kutazama huko, kwa hiyo ni tumaini zito lakini bado si ushahidi. Halafu omba mwaka mmoja wa wale waliovuka hamsini peke yao, na safari hii umri uuandike kwenye mpango kabla ya kuzungusha chochote, pamoja na kitakachokufanya ukubali kuwa umeshindwa. Wakikataa, watakuwa wamekataa ukweli, na hilo ni lao. Lakini sidhani kama watakataa. Kamati ikiambiwa "imeshindikana" inafunga faili, ila ikiambiwa "imewafaa hawa, tupeni mwaka tuhakikishe" inaona njia ya kutoka mle ndani bila kulaumiwa.

Unalia kuhusu kuwakatalia watu. Binti, viti havijaongezeka kwa kuwa wewe umefurahi. Kuna viti vichache na watu wengi, na hilo lilikuwepo kabla yako. Vijana wakitoka kwenye kozi, kama ulivyoona kwamba wanajiweza, wenye mvi watapata viti vingi kuliko mwanzo. Na kama hatuna uhakika, bado kikapu cha bingo ni cha haki kuliko kujuana, ulilisema hilo mwenyewe na baba yako akanuna, na alikosea kununa.

Haya ni mambo ya kamati, na ungeyajua bila mimi. Lililonifanya nisimame ni jingine, na wewe umelipita mbio kama mtu anayepita mlango wa daktari wa meno.

Umesema ulimpa baba yako sharti: asiwasaidie waliokosa mpaka wewe utakapomwambia utafiti umekwisha. Umesema yeye ni mtu wa neno lake, na kweli ni mtu wa neno lake, mwaka mzima anakula samaki akimtazama rafiki yake na hashiki simu. Sasa niambie, utafiti huo umekwisha lini? Umekwisha Jumanne asubuhi. Umefunguliwa, umehesabiwa, hakuna simu duniani inayoweza kuuharibu tena. Na Ijumaa ulikaa mezani ukasema takwimu hazijaiva. Wewe ulidhani unaficha habari yako. Ulikuwa unafunga mkono wa baba yako.

Unaumia kwa ajili ya Duane, unashindwa kumeza samaki kwa ajili ya Duane, na dawa yake umeikalia. Yeye haingii tena kwenye kikapu. Yeye na wote waliokosa pamoja naye wamemaliza zamu yao, wamekusaidia kujua kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua, na wanachodai kwako ni kufunguliwa, kisha wapewe cheti na wasemewe kwa waajiri.

Kwa hiyo usingoje kamati, wala usingoje Ijumaa, na usimwambie pale kwenye samaki, mbele ya watu wenye glasi za brandi. Nenda kwake leo, jikoni kwake kama alivyokuja jikoni kwako. Alishakwambia namna anavyotaka kuambiwa, ni wewe umesahau. Mwambie baya kwanza: "Baba, kwa wote pamoja haikufanya kitu." Nyamaza umwache alimeze, usimshike mkono. Kisha mwambie zuri, lote, mpaka lile la mlinzi. Atakuuliza mara mbili kama una hakika, nawe useme "bado", hata kama roho inakusukuma kusema "ndiyo".

Halafu mwambie utafiti umekwisha, na simu ni yake. Wala usiulize ataanza kumsemea nani. Chukua kiti, kaa, umsikilize akipiga.

Shangazi Verna