Uso wa Mazengo

Mgori, 16 Julai 2006

Mke wangu Loyce,

Salamu nyingi, zipunguze baridi ya huko. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linaamua lenyewe wapi pa kwenda. Wewe unakula? Au bado wanakulisha majani mabichi kama mbuzi?

Barua yako nimeisoma. Darasa langu la nne liliishia pale ulipoanza habari za programu. Nilichoelewa ni hiki: unafanya kazi bila malipo, pamoja na watu usiowajua, ili watu wengine usiowajua wachore ukutani bila rangi. Huku, kwa soko huria hili, hata upepo ungeuzwa kama ungefungika kwenye gunia. Wewe unagawa! Damu hiyo si yangu, ni ya bibi yako.

Umeomba picha ya uso wa nyumbani. Wangu ungeharibu mashine. Nakutumia wa Mazengo, mtoto wa jirani yetu Hana, aliyeanguka kutoka kwenye lori la alizeti mwezi wa tano. Hana ni Mgogo, mtani wetu, unajua. Siku ya kuanua matanga nikaitoa picha ukutani kwake mbele ya watu wote, nikasema, “Asipoleta kuku, hamwoni tena.” Watu wakacheka, na Hana naye akacheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Itumie upesi uirudishe kabla kuku hajafika.

Ni mimi mumeo mzee,
Babu Alute


Rotterdam, 9 Agosti 2006

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na majani nayala kwa chumvi. Goti lipake mafuta, usilitukane.

Picha imefika. Nikueleze tena, bila kukuchosha. Mtu anasimama mbele ya watu na kompyuta yake, muziki unapigwa, naye anaandika maagizo. Kila akiandika, picha kubwa ukutani inabadilika hapo hapo, watu wanaona maandishi na picha pamoja. Programu ni ya wote: ukiona kasoro unairekebisha, unawatumia wenzako, wakiridhika inaingia.

Kasoro niliyoikuta ni hii. Ukilivalisha picha umbo linalozunguka, mpira au kitambaa kinachopepea, picha inachanika kwenye mishono, na ikienda mbali inametameta vibaya. Kwenye picha ya ukuta au mti huoni sana. Kwenye uso wa mtu unaona mara moja. Sikio la Mazengo lilikuwa linakatika kila akigeuka! Sasa halikatiki. Wenzangu wamekubali kazi yangu na wamenisifu, mmoja yuko Brazili.

Picha nimeihifadhi ndani ya Biblia. Nitairudisha karibuni.

Mjukuu wako,
Loyce


Mgori, 24 Septemba 2006

Mke wangu,

Uhali gani? Sisi tunasukuma siku. Umesema karibuni, karibuni ya Uzunguni ina miezi mingapi?

Hana alileta jogoo. Nikamwambia jogoo ni wa kufungulia mlango tu, mateka hatoki. Akanijibu, “Fisi mzee wewe, utakufa mdomo umejaa manyoya!” Tukacheka, nikamla jogoo. Juzi akaja na tetea. Safari hii hakunitukana. Alikaa kwenye kigoda akasema, “Alute, picha nyingine sina. Hata ya utotoni sina.”

Sikumwambia kwamba mwanawe amepanda ndege. Nilisema, “Mateka anakula vizuri, usihofu.” Yule tetea nimemchinja ili asishuku, lakini nyama nimewagawia watoto wapitao njia. Fanya haraka, mama.

Babu


Rotterdam, 22 Oktoba 2006

Babu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Yangu ipo, ila moyo hauko sawa.

Picha nimeituma jana kwa rejesta. Lakini kuna jambo. Nilipopeleka marekebisho yangu, nilitia na uso wa Mazengo kwenye mifano inayokuja na programu, ili kila mtu ajionee kwamba hauchaniki tena. Sikufikiri. Niliona sikio, sikumwona mtu.

Jumamosi ya mwanzo wa mwezi huu nilikwenda kwenye onyesho. Kijana nisiyemjua akaandika, ngoma ikapigwa, na Mazengo akatokea ukutani, mkubwa kama kanisa. Akagawanyika akawa wengi, wote wanazunguka. Watu wana bia mkononi, wanaruka mbele yake. Babu, hakuchanika popote. Kazi yangu ilikuwa nzuri. Nilitoka nje bila koti.

Nimeomba aondolewe, na kwenye toleo jipya hayumo. Lakini waliokwisha kumchukua wanaye, nao wanawapa wengine. Ndivyo kitu cha bure kilivyo, ukishakitoa hukiiti kikarudi.

Nimwandikie Hana mwenyewe? Au utamwambia wewe?

Loyce


Rotterdam, 3 Desemba 2006

Babu,

Shikamoo tena. Hujajibu. Picha imefika? Goti, je? Kama umenikasirikia, nitukane, nimezoea. Usininyamazie.

Mjukuu wako


Mgori, 14 Januari 2007

Mjukuu wangu Loyce,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili.

Picha ilifika mapema, haina hata mkunjo. Niliificha chini ya godoro. Nilitaka nimpe Hana, nidai kuku wa tatu, tucheke, yaishe. Nani angejua? Kila asubuhi nilisema leo.

Mwisho nikaenda. Nikamweleza yote, jinsi nilivyoelewa. Akauliza, “Walikuwa wanamcheka?”

Nikasema, “Hapana, walikuwa wanacheza naye.”

“Wanajua amekufa?”

“Hawajui.”

“Jina lake?”

Nikamkabidhi picha.

Akaifuta picha kwa khanga, akasema taratibu, “Mtani ana haki ya kunichukulia, Alute. Ya kumgawa mtoto wangu, nani alikupa?”

Jioni nikampelekea mbuzi wa faini. Unajua mila: mtani akipokea faini, neno limekwisha. Asubuhi nikamkuta mbuzi amefungwa kwenye ua wangu, kamba ile ile, na amenyweshwa maji.

Usimwandikie. Uso ulitoka mkononi mwangu kabla ya kufika kwako.

Jana tulikutana kwenye mashine ya kukamua alizeti, watu wamejaa. Nikajaribu. Nikapaza sauti, “Wewe Mgogo, umekuja kukamua au kuomba mashudu?” Kila mtu akageuka kumtazama, wameshaandaa vicheko. Tangu aolewe kijijini hapa, huyu mwanamke hajawahi kuniamkia. Matusi ndiyo salamu zetu.

Akatua ndoo yake. Akapiga goti kidogo, macho chini.

“Shikamoo, mzee,” akasema.

Nikaitikia. Ningefanya nini?

Babu yako,
Alute