Jérémie, Chui ya Camion

Siku ya mungu, 22 juin 2025

Leo banatupatia majina ya pori. Kisha misa, nyuma ya paroisse, moto katikati, macho imefungwa na foulard. Kila scout anapata jina ya nyama ya pori — jina ile utakufa nayo. Mimi nilikuwa nangojea Chui. Quartier yetu Hewa Bora yote inajua: nani anawashaka moto na kuni za maji, kiberiti moja tu? Gradi, njo mimi. Nani anapanda muti kama tumbili? Gradi tena. Masomo niliacha deuxième secondaire, lakini pori haiulize diplôme.

Chef Adalbert, mukubwa yetu ya scouts, anaweka mukono juu ya kichwa yangu. Anasema: Kanga. Kanga ya Kelele. Juu nasema mingi, hata kwenye saa ya kunyamaza.

Bantu bote kucheka! Bamama ya chorale pia.

Na Chui? Jérémie. Jérémie ule ya viatu nyeupe! Anawasha moto na briquet, kiberiti ya gazi, na moto inazimika. Lakini baba yake, Papa Mumbere, njo iko na camion. Na camion ile njo itatupeleka kwenye camp ya environnement, Mitwaba. Unaona sasa Chui inazaliwa wapi — ndani ya mazout, mafuta ya camion.

Atanilipa. Naandika ili nisisahau. Hata bila kuandika singesahau.

Siku ya tatu, 25 juin

Camion. Vumbi mpaka ndani ya meno. Jérémie mbele na shofere, sisi nyuma, juu ya mifuko ya chumvi. Kufika muji ya Likasi, nililomba nikae mbele kidogo, mugongo inauma. Alijibu polepole kama padri: "Petit, kanga haikae mbele. Kanga banabebaka nyuma, miguu imefungwa."

Batoto bote — kwekwekwe, kwekwekwe, mpaka giza. Hata Précieux, katoto kale kananifwataka kama mukia, alicheka. Mimi pia nilicheka. Ya meno tu.

Nilifikiri kumutilia muchanga ndani ya viatu. Hapana, iko kidogo. Nataka apotee. Chui, ndani ya pori, mbele ya bantu bote. Arudi na machozi na makamasi.

Siku ya tano, 27 juin

Mitwaba! Kambo yangu, babu, alitoka huku kwenda kazi ya reli, kwa hiyo mimi niko kwetu. Bale bengine ni bageni, na viatu yao.

Tulipanda miti pamoja na bantu ya hapa. Papa Mapalo, muzee ya nyuki, alituonyesha namna ya kutoa asali bila kuangusha muti. Jérémie alikimbia nyuki moja. Moja! Nilifurahi, lakini haitoshe.

Mangaribi, mukutano. Mama Honorine, mukubwa ya comité ya pori, alisema mambo ya moto. Kuchoma majani mapema, ingali na maji ndani, ili moto mubaya ya septembre isikule miti na vinkubala, bale badudu ya miti tunakulaka. Kesho banachoma upande fulani, bantu basifike kule. Upande gani, sikusikia. Nilikuwa nyuma naiga sauti yake, batoto banakufa na kicheko. Chef alinitolea macho.

Kisha habari ya kesho: concours, mashindano ya kufwata njia. Chef ataweka mishale ya majiwe chini, équipe moja inaenda, kisha ingine, mpaka kwenye mizinga ya Papa Mapalo. Jérémie ataongoza batoto badogo. Précieux alikuya kunilomba aingie kwenye équipe yangu. Nikamujibu: ulicheka Kanga? Enda na Chui yako. Alienda, anaangalia chini.

Mishale ya majiwe... Jiwe haina mudomo. Nashindwa kulala, mpango iko muzuri sana.

Siku ya posho, 28 juin

Imekwisha! Équipe yangu ilipita ya kwanza, ya Jérémie ndio ya mwisho. Bengine bote nilibaacha bapite, mimi nimejificha nyuma ya kichuguu, pale njia inagawanyika. Équipe yangu nilibaambia niko na haja. Kisha, mikono mbili tu, basi: mushale ya kwenda kuume inaangalia kushoto, kwenye bonde ya muto. Kule ni matope, na majani inapita muntu urefu. Nikaweka mushale ingine mbele, asipate akili ya kurudi. Viatu nyeupe, kwaheri.

Nilikimbia kwa njia ya mukato. Papa Mapalo alinipatia asali. Tamu mara mbili.

Saa hii, mchana. Chef anasema tuandike ndani ya kaye, daftari zetu, mambo tulijifunza, huku tunangojea Jérémie na batoto. Lydie, wa équipe yangu, anauliza kama Chui amesimama kupangusa viatu. Bengine banasema anatafuta camion ya baba. Banacheka mpaka kulala chini. Mimi hata sisemi — banafanya kazi yangu bure. Saa hii njo nilikuwa nangojea. Naionja polepole.

Kuko moshi upande ya bonde.

Nimeuliza Papa Mapalo. Anatafuna karanga, ametulia. Anasema ni bantu ya Mama Honorine banachoma. Si alisema jana, bonde yote mpaka muto? Upepo imegeuka kidogo, anasema. Lakini kule hakuna muntu.

Hakuna muntu.

Atakuwa amerudi. Muntu ya akili anaona kama mushale iko mubaya. Hapana — niliweka mbili.

Majani inalia sasa, tunaisikia huku, kama mvua juu ya mabati.

Nimesimama. Nimesema: "Chef, batoto bako kule. Kwenye moto." Bamecheka. Chef hata hakuinua kichwa. "Kanga, kaa chini. Haiko saa ya masolo yako ya kuchekesha."

Nimesema tena. Ni mimi niligeuza mishale. Lydie anasema angalia, anajua kuigiza, anatetemesha hata midomo.

Papa Mapalo peke yake ameacha kutafuna. Anauliza: "Uligeuza kwenda wapi?"

Nimemuonyesha na bic ya kuandika. Karanga imeanguka yote chini. Anaita bantu yake kwa kiluba, anakata matawi mabichi, bengine banakimbilia maji. Chef ananiangalia kama hajaniona hata siku moja.

Moshi ilikuwa nyeupe. Sasa iko nyeusi.

Chef anaita majina yao kuelekea bonde, moja, moja. Jérémie. Précieux. Abigaïl. Kisha tunanyamaza bote, tusikie.