Hamida na Simu ya Ghala la Misaada

Yasmini, acha unachofanya. Hamida kamwita bosi wake chizi.

Si unajua dada aliomba kazi ya kusimamia ghala la misaada kule Mikocheni? Na unajua wiki hii mie nimempigia mara tatu kwa laini tofauti, najifanya ndo wao.

Leo wakapiga wenyewe.

Dada yuko uani anakuna nazi. Mama wa watu kwenye simu akamuuliza kwa upole, "Lori la mahema limekwama Kibamba, watu wa mafuriko wanasubiri. Wewe mwanamke, madereva watakusikiliza?"

Dada akacheka, akidhani ni mie tena. "Talha, we chizi. Leo umebana pua?"

Chizi, Yasmini. Kamwambia mkuu wa usafirishaji.

Halafu akamwaga yote. Kwamba miaka sita anapakia mahema, kila usaili anaulizwa swali hilohilo, anajibu kwa adabu, kazi anapewa mwanaume. "Madereva wananisikiliza kwa sababu mie ndo najua mzigo upi unashuka wapi. Mbona wanaume hamuwaulizagi?"

Yule mama akamjibu,

"Mie naitwa Bernadeta. Niliulizwaga hivyohivyo, nikajibu kwa adabu, nikakaa ukarani miaka tisa."

Nazi ikamponyoka dada. Kilichomtoka ni "shikamoo mama" tu.

"Marahaba. Jumatatu saa mbili uwe ghalani. Na huyo Talha akipiga huku, atakuja kupakia mahema."

Kanipigia sasa hivi, analia na kucheka, ananipa namba ya huyo mama eti niiblok kabisa, nisije nikampigia.

Nimeshaisevu.