Pori Tupu Nililoliandika Mimi

Kimamba, Jumatano. Jua kali baada ya mvua. Uvundo wa maji ya korona, kiwanda kinachochuna mkonge, umeingia hadi kwenye mtungi wa maji.

Leo ninajichukia.

Tangu nimalize darasa la nane nimekaa nyumbani tu. Kwa hiyo Karani wa shamba aliponiomba niandike historia ya mitaa ya kambi yetu, nilifurahi mno. Jumapili itasomwa mbele ya Bwana Meneja na wageni wake kutoka bomani.

Nilizunguka kote. Nilianza kwa manamba, walioletwa kwa mkataba: kila kabila na safu yake ya vyumba, kama mazizi. Nikamalizia kwetu Mtoni, waliposogezwa wenyeji shamba lilipochukua ardhi yao. Bibi alinipeleka hadi kwenye uzio wa korona. Chini ya lundo la makapi yanayooza ndipo yalipo makaburi ya wazazi wake. Kila msimu, kabla ya kupanda, huja kuwamwagia maji ya unga. Mlinzi hamruhusu kuingia, basi huyamwaga nje ya uzio na kuomba radhi.

Niliandika yote. Kurasa nne.

Karani alisoma akacheka. "Binti, makaburi ya nini tena? Andika kwamba kabla ya Bwana kuja, hapa palikuwa pori tupu. Na Mtoni usipataje."

Nikaandika. Kwa mwandiko wangu mzuri.

Nyumbani nilimsomea Bibi akiwa anapepeta mtama, nikitumaini hatanisikia vizuri. Akauweka ungo chini.

"Pori? Kwa hiyo mimi nilizaliwa na ngiri?"

Jirani yetu, mke wa mkata mkonge, aliyekuwa ameketi nasi, aliangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Na Mtoni, mjukuu wangu? Umeandika nani anaishi Mtoni?"

Nikakiri kwamba Karani alinikataza kupataja. Jirani ndiye aliyejua sababu: mumewe ameambiwa wataanza kufyeka Mtoni mvua zikiisha, wapande mkonge.

 

Karani anaitaka karatasi kesho asubuhi. Ile ya pori nimeitia jikoni, imeungua. Nimeanza nyingine kwa jina la Bibi, kisha la baba yake, kisha nyumba za Mtoni, moja baada ya nyingine. Karani akiikataa, Jumapili nitasimama niisome mwenyewe.

Mimi, ambaye hata shikamoo yangu watu huniambia niirudie kwa sauti.

Je, nitasikika?