Kilio Nilichokuwekea

Baba Feza,

Nimekulilia. Naanza na hilo, maana najua ndilo linalokusumbua huko uliko.

Siku uliyokata roho nilifungua mdomo nipige yowe, nikahisi taya linaanza kuteleza, nikaufunga haraka. Ningefanyaje? Aliyezoea kulirudisha ndiye alikuwa amelala mbele yangu. Matanga yote nilikaa mkekani nimejifunga kitambaa kidevuni, naguna tu. Dada yako Mapendo akasema mbele ya watu: "Huyu mwanamuke hana hata chozi. Alimupenda kweli?" Iliniuma, wee! Lakini siri yetu sikuitoa.

Unakumbuka ilivyoanza? Wakati wa vita, msituni kuelekea Kailo, Feza mchanga mgongoni kwangu, sote hoi kwa usingizi. Nikapiga mwayo mmoja tu, taya likatoka. Mdomo wazi, mate yanatiririka, na wenye bunduki hawako mbali. Yule muuguzi tuliyekuwa tunakimbia naye akakufundisha: zungushia vidole gumba kitambaa, kandamiza magego ya chini, kisha sukuma nyuma. Likaingia, nami nikakuuma! Ukaninong'oneza: "Asante yako njo hii?" Tukacheka kwa pua tu, tukiogopa kusikika. Ukasema watu wasijue, wataita uchawi.

Toka hapo dawa yangu ilikuwa vidole vyako. Nikicheka sana tukila, unaacha bugali, unanawa, unanirudisha. "Muke wangu, kula kwanza, utacheka kesho." Mungu wangu, nilikupenda mtu wewe.

Basi, familia ilipotangaza siku ya kuondoa matanga, niliona nikinyamaza tena watasema mimi ndiye niliyekuua. Feza akanipeleka hospitali hapa Kindu. Nilitegemea kisu, kumbe sindano tu! Daktari alinitoa damu mkononi, nikadhani anakwenda kuipima. Akaidunga mbele ya masikio yangu, huku na huku. Damu yangu mwenyewe! Alisema ndani itaacha kovu litakalokaza kiungo cha taya, na ikigoma watarudia. Kisha bandeji kuzunguka kichwa, uji na wali wa kuponda, mwayo marufuku. Ungeniona ungecheka mpaka ulie.

Nilisita lakini, sikufichi. Niliona nikipona nitakuwa nimekuaga mara ya pili.

Mapendo alikuja akanikuta na bandeji. Feza akamweleza yote, toka msituni. Alipomaliza, akaenda zake.

Siku yenyewe ilipofika, bandeji ilikuwa imeshatoka. Nilisimama katikati ya uwanja, watu wananitazama, naogopa kama siku ile ya msituni. Nikafungua mdomo polepole. Nikakuita. Eh, Baba Feza! Yote niliyoyazuia yakatoka kwa sauti, nikakulilia kama mwanamke anavyomlilia mume wake. Mapendo akaacha masufuria jikoni, akaja mbio, akaweka viganja vyake viwili chini ya taya langu, akalishika, akalia pamoja nami mpaka tukakaukiwa.

Taya halikutoka. Naye hakuondoa mikono.

Pumzika sasa, mume wangu. Dada yako nitamtunza, nakuahidi.

Mimi mkeo,
Mama Feza