Yule Aliyekuwa Anakula

S.L.P. 31,
Shelui, Iramba.
14 Agosti 2009.

Mpendwa Dada Anastazia,

Shikamoo. Habari za Songea? Na mguu wako, umepona? Sisi ni wazima, alizeti tumeshavuna. Nakuandikia kwa sababu simu napigia dukani, na haya si ya kusikiwa na watu.

Unajua mwezi wa sita mimi na Naftali tulikwenda Nairobi, kwenye hospitali binafsi inayotungisha mimba nje ya tumbo. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, dada. Nilichoka kuulizwa.

Vilipatikana viinitete viwili, mimba changa zisizoonekana kwa macho. Siku ya tatu daktari akatuonyesha kwenye televisheni. Kimoja kilikuwa kimegawanyika seli nane, safi, zimelingana. Kingine kilikuwa hovyo hovyo, vipande vimemeguka pembeni.

"Huyu mzuri ndiye wetu," Naftali akasema, anacheka.

Daktari akamwambia asubiri kwanza. Alikuwa amepima maji vilimokaa, ajue kila kimoja kimekula sukari kiasi gani. Kile kizuri kilikuwa kimegusa kidogo tu. Kile kibaya kilikuwa kinakula.

"Sura inasema hivi, ulaji unasema vile," akasema. "Kipi kitaishi, sijui. Kwa presha yako, mama, naweka kimoja tu, na kinachobaki hapa hatuna mtambo wa kukigandisha. Amueni ninyi."

Moyo wangu ulikwenda kwa yule aliyekuwa anakula. Lakini Naftali alikuwa amenishika mkono, mtu ambaye hajawahi kunishika mbele ya watu. Nikasema, "Basi huyo mzuri."

Siku ya kumi na mbili, tukiwa tumesharudi nyumbani, nikaona damu. Naftali hakunilaumu. Alikwenda zizini akasimama na ng'ombe mpaka jioni.

Nilipompigia daktari kumwarifu, nikauliza habari za kile kingine. Akasema kiliendelea kukua siku mbili zaidi, vizuri kuliko alivyotegemea, kisha kikakoma.

Naftali hajui. Kila akisema, "Angalau tulichagua vizuri, mke wangu," nakosa pa kutazama. Nikimwambia, namvunja. Nikinyamaza, nabaki nacho peke yangu. Dada, mimi nimeshindwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nisalimie Shemeji Fabiano na mwanangu Leah. Mungu awatunze nyote, asiwapitishe huku nilikopita.

Ukijibu, juu ya bahasha andika jina langu peke yake. Anayekwenda posta ni Naftali.

Mdogo wako akupendaye sana,
Asnath