Daftari Nililolichoma Nyakoe

Nyakoe, Kisii
Jumapili mchana

Kwa Dada Mapenzi,

Nakusalimu wewe, mama na watoto wote hapo Kaloleni. Goti la mama linaendeleaje tangu apewe ile dawa ya kupaka? Na mahindi, mmeshapukuchua au bado yako darini? Mimi mwili wangu ni mzima. Mvua inanyesha kila alasiri kama kawaida ya huku, na nimezoea ndizi za kupika hata sima naisahau. Hizo ndizo habari za kumsomea mama. Yanayofuata yasome kwanza ukiwa peke yako.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu imekuwa ndogo, nikakudanganya kwamba ni mafua. Sikutaka kuyasema haya kwa sauti, na chumba changu kimetenganishwa na cha jirani kwa bati moja tu.

Kabla ya uchaguzi, makarani wa tume walileta chuoni mashine yao ya kuchukua alama za vidole, waandikishe wapiga kura. Wakapewa meza kwenye baraza ya maktaba yangu, mimi nikaambiwa niwapangie wanafunzi foleni. Siku ya kwanza hapakuwa na foleni ya kupanga. Walikuja watu wachache, na mmoja wao alikuwa anatafuta choo. Karani akaegemea meza akalala.

Ndipo akaja Kemunto. Huyu ni msichana wa mwaka wa tatu, anasomea ualimu. Baba yake ni mkulima wa chai kule Sironga, upande wa Nyamira. Ni mfupi, lakini ana sauti ya kuongoza kwaya, na kweli kila Sabato huongoza kwaya ya kanisa lao.

"Madam," akaniambia, "ukiwangoja hapa hawatakuja. Wanasema kura itawasaidia na nini. Tuwafuate kwenye vyumba."

"Mimi ni mkutubi, Kemunto. Kazi yangu ni vitabu."

"Basi lete kitabu kimoja ambacho hakijaandikwa."

Nikatoa daftari jipya. Tukapita mabweni ya kupanga yaliyo nje ya chuo, mlango kwa mlango. Kemunto anaongea, mimi naandika: jina, chumba, namba ya simu, kitambulisho kipo au bado, kwao ni wapi. Wengi wametoka mbali kama mimi, Kitui, Busia, Kwale, na walitaka kupigia kura hapa kwa kuwa maji machafu wanayokunywa ni ya hapa na barabara mbovu ni ya hapa. Sheria inawaruhusu. Ilipofika wiki ya mwisho foleni ilizunguka maktaba, na daftari lilikuwa limejaa hadi ndani ya jalada. Sikumbuki kama nimewahi kuifurahia kazi namna ile.

Kisha mambo yakaanza kubadilika, kidogo kidogo. Mama anayeniuzia mboga sokoni, ambaye kila siku hunitania kwamba nitaolewa huku, alinifungia sukuma bila neno. Nikamuuliza kama anaumwa. Akatazama huku na huku.

"Wanasema nyinyi mmeleta wageni watuchagulie MCA, mjumbe wa wadi yetu," akasema. "Si mimi nasema. Wanasema."

Juma hilohilo mwenye bweni anakokaa Kemunto aliondoa komeo la geti. Alisema linatengenezwa. Fundi hakuja siku hiyo, wala kesho yake, wala baadaye. Wasichana wakawa wanaegemeza kitanda kibovu getini.

Jumatano adhuhuri akaja mwanamume mmoja maktaba. Alikuwa na koti safi na chane ya ndizi mbivu mkononi. Akavua kofia, akanisalimu vizuri, akaziweka ndizi mezani.

"Zako hizo, madam. Huko kwenu Kaloleni hakuna tamu kama hizi."

Dada, sijawahi kumwambia mtu yeyote wa hapa kwamba kwetu ni Kaloleni.

"Nasikia uko na daftari," akaendelea. "Sisi si watu wabaya. Tunataka tu kujua wageni wetu, nani analala wapi."

"Nililirudisha kwa makarani."

"Hapana, hukurudisha." Alisema polepole, kama anayemsahihisha mtoto. "Lakini mimi sina haraka. Nitapita Ijumaa. Na umsalimie Kemunto. Baba yake namjua, chai yake ni nzuri sana, ile ya kando ya barabara."

Wakati wote huo daftari lilikuwa kwenye droo, goti langu likiigusa. Alipoondoka nilifunga maktaba kabla ya saa yake, nikaenda nyumbani, nikawasha jiko na kuchana kurasa moja moja. Nilipika maharagwe kwa majina ya watoto wa watu.

Ijumaa alirudi kweli. Nikamwambia nimelichoma. Akazichukua ndizi zake, ambazo sikuwa nimezigusa, akatoka bila kuaga.

Kemunto naye alikasirika. "Umechoma kazi yangu, madam. Chuo kinafungwa kabla ya kura, kila mtu anaenda kwao. Sasa nitawaita na nini?"

"Na kichwa chako."

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alikuja, akakaa sakafuni kwangu, akaanza kutaja majina, nami nikataja niliyoyakumbuka. Kila tuliyeweza kumpata tulimwomba amtafute mwenzake. Hatukuandika hata jina moja.

Siku ya kura walirudi wengi kuliko nilivyotarajia. Walilala kwenye ukumbi wa kanisa la kina Kemunto, na asubuhi wakatembea pamoja hadi shule ya msingi iliyo kituo chetu. Ng'ambo ya barabara walisimama wanaume kama kumi, yule wa ndizi akiwa katikati yao. Hawakutukana mtu, hawakurusha jiwe. Mmoja alikuwa anapiga picha kwa simu, uso mmoja baada ya mwingine. Wanafunzi wakaanza kujifunika kofia za sweta zao. Wawili nyuma yangu walitoka kwenye foleni, na nikaona wengine wanajiandaa kuwafuata.

Kemunto akavuka barabara. Akasimama mbele ya ile simu, akavua kitambaa kichwani.

"Mimi ni Kemunto Nyakundi, wa Sironga," akasema, na foleni nzima ikasikia. "Hawa wote ni mimi niliwaita. Andika mimi."

Akarudi kwenye nafasi yake. Hakutoka mwingine.

Tulipiga kura. Mgombea wa wale wanaume alishindwa, kwa kura chache. Wanafunzi walipopata habari waliimba hadi sauti zikakauka. Mimi sikuweza kuimba.

Siku nne baadaye Kemunto alinipigia, akasema niende Sironga, na hakusema kwa nini. Baba yake, Mzee Nyakundi, alinipokea mlangoni, akaniita omogeni, yaani mgeni, akanipa kiti na uji. Hakugusia lolote mpaka nikamaliza. Kisha akanipeleka shambani. Chai yake ya kando ya barabara ilikuwa imekatwa kwa panga mpaka chini, mistari yote hadi mtoni, na mahali pengine miti imeng'olewa ikalazwa mizizi juu. Shamba la jirani wa kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa zima.

"Ni wewe ulikuwa na daftari?" akaniuliza.

"Ni mimi, mzee. Nililichoma."

"Lilikuwa na majina mangapi?"

"Lilijaa lote."

Akainama, akaokota tawi, akaligeuza mkononi. "Basi ulifanya vizuri," akasema. "Hapa walikuwa na jina moja."

Kemunto alikuwa nyuma yetu. Hakulia. Aliuliza tu chai mpya huchukua miaka mingapi kuanza kuchumwa.

Najua utasema nirudi nyumbani. Barua ya kuacha kazi nimeiandika, iko hapa mezani, sijaipeleka. Chuo kimefunguliwa, Kemunto ana mitihani, na analala kwangu. Nikiondoka atalala wapi? Juzi yule mwanamume alikuja tena. Alikaa kwenye baraza ya maktaba, akasoma gazeti lake hadi mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu: tunafunga saa ngapi. Saa zimeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa.

Mwambie mama nakula vizuri na ninasali. Nisalimie Kaka Karisa, akumbuke kuwa mkono wangu ndio uliomfundisha kuendesha baiskeli anazotengeneza sasa. Nisalimie shangazi wa pale stendi, na jirani yetu mwalimu mstaafu aliyenifundisha kusoma.

Na likipita juma zima hujanisikia, usije wewe. Mtume Kaka Karisa. Asiniulizie chuoni wala sokoni. Aende moja kwa moja Sironga, kwa Mzee Nyakundi.

Ni mimi mdogo wako, nikiwa bado mzima,
Riziki